Kifaa Kisicho na Jina

Tik. Kimya. Tik tena, kisha feni ya kompyuta kuukuu ikakohoa na kuanza kuzunguka ndani ya giza la stoo.

Mama Kidoti alishusha pumzi. Ilikuwa saa tisa alasiri, lakini stoo haikuwa na dirisha na balbu ilikuwa imeungua tangu juzi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari la masomo ya jioni mapajani, akasoma hatua ya mwisho kwa mwanga wa simu.

Kazi yenyewe haikuwa uchawi. Kila kifaa cha nyumbani, kabla ya kwenda popote mtandaoni, huuliza kwanza: jina hili linapatikana wapi? Kuanzia leo swali hilo lingejibiwa na kompyuta hii, si na watu wa mbali asiowajua. Naye angeona nani kauliza nini, na saa ngapi. Akitaka, angemnyima jibu.

Hakufanya haya kwa kujionyesha. Wiki iliyopita mwenzake darasani alisimulia jinsi mtu baki alivyoingia kwenye mtandao wa nyumba ya dada yake, akawa anamtazama mtoto kupitia kamera ya kishikwambi. Mtoto anacheza, yeye anatazama. Tangu siku hiyo, Mama Kidoti akimwona bintiye wa miaka sita ameinamia kishikwambi chake, huenda kuiziba kamera kwa kiganja. Na baba mtu, dereva wa lori, alikuwa safarini mpaka Jumatano.

Maswali yakaanza kuingia. Akavipa vifaa majina kimoja kimoja. Simu ya Mama. Televisheni. Kishikwambi cha Kidoti. Akatabasamu peke yake gizani. Kumbe inawezekana, hata kwa mtu aliyeishia kidato cha pili!

Kisha ukatokea mstari wa nne.

Hawakuwa na kifaa cha nne. Simu ya mama mkwe ilikuwa kitochi, mtandao haiujui.

Kifaa kile kiliuliza jina moja tu, refu, herufi na tarakimu zimevurugwa. Baada ya dakika tano kikauliza jina lile lile. Dakika tano nyingine, tena. Alipochimba kwenye kumbukumbu za kisanduku cha mtandao akaona kilijiunga Alhamisi asubuhi, yeye akiwa kazini.

Alimkuta mama mkwe sebuleni akikunja nguo, mtandio umemzunguka shingoni na joto lote lile.

"Mama, Alhamisi alikuja mtu hapa?"

"Watu wanapita, mwanangu. Muuza mayai, nesi, yule kinyozi wa nyuma kuomba maji. Nikuandikie orodha?"

"Na neno la siri la mtandao, kuna uliyempa?"

Bikizee akacheka. "Siri gani hiyo mliyoibandika kwenye friji? Kila anayekunywa maji kaisoma." Kisha akamkazia macho. "Mbona uso umekushuka? Unaumwa?"

"Siumwi, mama. Wewe dawa umekunywa?"

"Nimekunywa. Msinifanye mgonjwa, bado nawakunjia nguo."

Mama Kidoti akaenda dirishani kwenye chumba cha mtoto. Ng'ambo ya ukuta, kinyozi alikuwa amekaa nje ya kibanda chake, hana mteja, simu mkononi. Akainua uso. Akamwona. Akapunga mkono polepole.

Akalivuta pazia mpaka pete zikalia.

Mwalimu wao alisema wazi, naye aliandika na kupigia mstari mara mbili: kifaa usichokijua, kinyime jibu kwanza, maswali baadaye. Akarudi stoo. Akakipa kifaa kile jina: Mgeni. Kisha akabonyeza: Zuia.

Mgeni akauliza. Hakujibiwa.

Dakika tano zikapita, akauliza tena. Hakujibiwa. Nusu saa nzima ikaenda hivyo, na kila alipomwona akinyimwa, Mama Kidoti alihisi mabega yakimshuka. Aliwaza atakavyomsimulia baba Kidoti, na atakavyojifanya haikuwa kitu. Aliwaza hata kozi ya pili, ile ya mwaka mzima.

Ghafla Mgeni akauliza kabla ya wakati wake.

Akauliza tena papo hapo. Na tena. Mistari ikaanza kushuka kwenye kioo mmoja juu ya mwingine, mitatu, kumi, ishirini, jina lile lile, kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi zote mbili. Lakini ukuta wake ulisimama. Hakuna hata swali moja lililopita.

"Gonga," alinong'ona, na kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita akacheka. "Gonga mpaka uchoke."

Mistari ikaendelea kidogo. Ikapungua. Mmoja. Kisha, baada ya kitambo, mwingine. Kisha kioo kikatulia.

Mlango wa stoo ukasukumwa. Kidoti alisimama pale miguu mitupu, mwanga wa sebule nyuma yake.

"Mama," akasema, "bibi amebonyeza sana kile kitufe cha shingoni alichopewa na nesi, na hakuna anayekuja."