Shahidi Dhidi ya Mizinga

Mzinga wa kwanza ulipolia, Orpha Gillikin alidaka birika la kahawa likianguka kutoka rafuni, akajimiminia kikombe cha pili. Madirisha yake yote yalikuwa wazi, baridi ikiingia itakavyo. Kwenye pwani hii ya Karolina, Marekani, bendera nyekundu ikipandishwa kwenye kambi ya jeshi kila mtu hufungua madirisha. Asiyefungua hununua vioo.

"Bi Orpha, leo ndiyo leo," alisema Trent, mtu wa kampuni ya mbolea, aliyekuja kumchukua kwa gari. "Ukiwaambia wakubwa wa jeshi mkutanoni unavyoteseka, uwanja wa mizinga utahamishwa."

"Na kinamasi kilichomo uwanjani?"

"Tutakijaza udongo, tujenge kiwanda. Wajukuu wako watapata kazi mlangoni."

Orpha alijifunga shali. "Twende. Nina maneno nao, hao."

Hakuna aliyewachukia wanajeshi kama yeye. Tangu usichana wake alivuna chaza kwa reki kwenye ukingo wa kinamasi hicho, na kila mlio ulipompita kichwani aliulaani kwa sauti. Ng'ambo ya ghuba, kusikokuwa na mizinga, chaza walikwisha zamani. Kumebaki hoteli na magati. Kila kanali mpya aliyeletwa kambini alikaribishwa kwa matusi ya Orpha kabla hajafungua mizigo.

Ukumbi wa kanisa ulijaa pomoni. Kanali Dunleavy alipomwona akiingia, alishusha pumzi. "Huyu mama tena," alimnong'oneza msaidizi wake.

Trent alimshika Orpha mkono, akampeleka mpaka kwenye kipaza sauti. "Usiogope, Bi Orpha. Waambie."

"Nimuogope nani?" Watu wakacheka. Akamnyooshea Kanali kidole. "Ninyi ni balaa! Mmenivunjia vyombo, mmenipasulia ukuta wa jikoni, mume wangu amekufa kiziwi kwa sababu yenu, na hata samahani hamjui kusema. Uongo?"

"Si uongo, mama," alisema Kanali, macho chini.

Trent alitabasamu, akajiegemeza kitini.

"Basi nisikilize vizuri, maana sitarudia. Miaka yote hii hakuna tajiri aliyethubutu kuweka hata tofali moja kwenye kinamasi kile. Atakayetaka kukuhamisha wewe, aanze kunihamisha mimi. Na Jumatatu ongezeni mizinga. Siku hizi mnapiga kama watu walioshinda njaa!"