Kompyuta Iliyovishwa Nguo

Kompyuta ilizima tena, zii, na mechi ya mtandaoni ya kugombea nafasi kwenye timu inaanza saa kumi! Saumu aliikodolea macho. Kadi ya picha ya mtumba, feni ya mtumba, vyote kabadilisha.

"Labda haikupendi," shangazi yake alicheka pale mlangoni.

"Shangazi, nikiifungua kuikagua inawaka vizuri. Nikiifunga nicheze, inazima. Sielewi!"

Akatoa kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta, akafungua, akagusagusa waya. Ikawaka. Akafunga, akarudishia kitambaa vizuri, kama kile cha redio na kile cha friji. Akacheza kidogo, kisha akanyoosha mkono kukiweka sawa. Kilikuwa cha moto kama pasi. Chini yake ndipo yalipo matundu ya kutolea joto.

Akakivuta haraka.

"We! Mbona unaivua nguo? Nimekifuma wiki nzima, hata jina lako nimelitia."

Saumu akaona jina lake kwa uzi wa waridi. Akaona saa. Akauona uso wa shangazi.

Akajitanda kitambaa kichwani, akakaa kucheza. Feni ikavuma, na pindo zikaanza kupepea shavuni mwake.