Kahawa ya Kitinda

Kahawa ilikuwa bado inapoa kwenye ungo Mama alipokaa kitini apumzike kidogo, na hakuinuka tena. Hiyo ilikuwa asubuhi. Kufika jioni nyumba ilikuwa imejaa watu, viatu vimeziba mlango, na ungo umepandishwa juu ya kabati usije ukakanyagwa.

Kitindamimba wake, mpishi wa meli, alipata habari akiwa katikati ya bahari. Maziko asingeyawahi, na alijua. Alilia kwenye simu, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Kuna kahawa yake iliyobaki?"

"Ipo tele. Ameikaanga leo," Dada Mkubwa alimjibu. Mama hakupenda moshi, kwa hiyo alikuwa akikaanga ya miezi kwa mpigo mmoja.

"Msiinywe, dada. Niwekeeni. Kaburi nitalikuta limeshafukiwa. Nikirudi nataka ninywe kikombe cha Mama, basi."

Meli ingemrudisha baada ya miezi kadhaa. Hapo ndipo ugomvi wa kuhifadhi ulipoanza.

"Tia kwenye friji," alisema Shangazi, dada yake Mzee. "Kinachotaka kudumu kinakaa kwenye friji."

"Friji ina unyevu, Shangazi. Tena kahawa inafyonza harufu. Mtoto atakuja kunywa supu ya samaki," alipinga Dada Mkubwa.

"Basi isage, uifunge."

"Ikisagwa ndiyo inapoteza nguvu haraka. Itakaa punje nzima."

Dada Mkubwa alikuwa muuzaji wa duka la dawa. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akiwaambia watu waweke vitu mahali pakavu, mbali na jua, na hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Safari hii aliamua watamsikiliza.

"Na leo hatuifungi," aliendelea. "Kahawa iliyotoka motoni inapumua. Ukiibana mapema, mfuniko utavimba."

Shangazi akamkodolea macho. "Wifi yangu kaacha kupumua, kahawa yake ndiyo inapumua?"

Chumba kizima kilicheka, kisha kila mtu akaangalia chini. Hata Mzee alicheka, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Kesho yake Dada Mkubwa alileta kopo la bati lenye mfuniko wa mpira. Alilijaza mpaka juu ili hewa isipate pa kukaa, akalikaza, akalificha kwenye kabati la nguo chumbani kwa Mzee, nyuma ya makoti, mahali penye ubaridi na giza kuliko pote nyumbani. Kisha akabandika karatasi kama anavyobandika kwenye chupa za dawa: *Weka mbali na mwanga, joto, unyevu na Shangazi.*

"Mimi nimefanya nini?" Shangazi aliuliza.

"Bado hujafanya."

Mzee, ambaye alikuwa fundi cherehani, alihamia kwenye chai. Hakulalamika. Wageni walipungua, mashine yake ikaanza tena kuunguruma barazani, na kopo likakaa gizani. Siku moja Shangazi alijaribu bahati yake. Alikuja ameshika paji la uso.

"Kichwa kinanigonga. Nusu kikombe tu, mwanangu."

"Dawa ya kichwa ninayo dukani, Shangazi. Twende nikakupe."

Kichwa kikapona papo hapo.

Mara mojamoja Dada Mkubwa alilifungua kopo kwa haraka, akanusa, akalifunga kabla hewa haijajua kuna mlango. Siku moja alimnusisha baba yake. Mzee alirudisha kichwa nyuma.

"Inanukia mno."

"Si ndiyo raha yake, baba? Kama imetoka motoni leo."

"Hm," alisema Mzee, akarudi kwenye cherehani yake.

Hatimaye Kitinda alirudi. Alipitia makaburini kwanza, akafika nyumbani na begi bado liko begani na vumbi magotini. Dada Mkubwa alisaga kahawa mbele yake, akaipika. Harufu ilitoka mpaka njiani. Jirani alichungulia dirishani, akauliza kama kuna harusi.

Kitinda alikishika kikombe kwa mikono miwili. Akanywa, akaishikilia mdomoni kama wapishi wanavyofanya, akameza. Hakuna aliyepumua.

"Nzuri," alisema. "Nimekunywa kahawa bandari nyingi. Hii imezishinda zote."

Dada Mkubwa akashusha mabega.

Kitinda akaweka kikombe mezani. Uso wake ulikuwa kama wa mtoto aliyeachwa mkono sokoni.

"Lakini si ya Mama."

"Si ya Mama vipi? Kaikaanga kwa mkono wake! Nimeifunga mwenyewe!"

"Najua, dada. Lakini siyo."

Dada Mkubwa akageuka. "Shangazi, umeligusa kopo?"

"Naapa sijaligusa! Kopo lenyewe limeandikwa jina langu, ningeanzia wapi?"

Shangazi alionja. Akaonja tena, akakunja uso. "Mtoto hajakosea," alisema taratibu.

Mzee alikuwa wa mwisho. Alikunywa funda moja, akatazama ndani ya kikombe, na mabega yake yakaanza kutikisika. Walidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko ambacho hawakuwa wamekisikia tangu msiba. Alilichukua kopo, akalifungua, akaenda nalo jikoni.

Kahawa iliyobaki sasa iko kwenye bakuli wazi, rafuni juu ya jiko, kati ya vitunguu saumu na kipande cha sabuni ya kufulia, pale pale Mama alipokuwa akiiweka miaka yote. Kitinda ameomba kuongezewa likizo. Anasubiri iharibike.