Jani la Mkwe

Mama mkwe alinyoosha mkono, jani la kabichi lililopakwa pilipili likining'inia kwenye glavu yake, mbele kabisa ya mdomo wangu.

Kila mwaka wanawake wa parokia yetu hujitolea uani mwa kanisa kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachusha kwa pilipili, ya kuwapa wazee wasio na mtu, na majani ya kwanza tunalishana kwa mkono. Wenzangu wote alikuwa ameshawalisha, akiwaita kwa majina ya watoto wao. "Haya Mama Doyun, fungua kinywa!"

Kwangu akasita.

"Na huyu nimwiteje? Mama Kabichi?" Wakacheka. "Kula, mwanangu. Kusugua vyoo vya kanisa hukosi hata siku moja. Lakini Mungu hahongwi kwa ufagio. Anajua kwa nini kalifunga tumbo lako."

"Jamani, mama," mmoja akanong'ona.

"Jamani nini? Elizabeti alizaa uzeeni kwa sababu alikuwa safi!"

Mchuzi mwekundu ulitiririka kwenye glavu, ukaingia ndani ya mkono wa sweta yake nyeupe. Yeye hakuuona. Mimi niliutazama tu.

Nilikuwa nimemwapia mume wangu kwamba nitanyamaza. Alilia siku tulipopewa majibu ya vipimo, kwenye ngazi za hospitali, akanishika magoti: mama asijue, itamuua.

"Fungua kinywa basi, tasa wewe!"

Nikausogeza mkono wake pembeni, polepole. Jani likaanguka.

"Mama," nikasema, na uani kote visu vya kukatia kabichi vikasimama, "daktari alitupima wote wawili."