Simu kwa Shemeji

"Utafiti huu ni uongo mtupu," mkurugenzi aliwaambia waandishi wa habari. Utafiti ulisema viwanda vinaipa kisogo kampuni yake na kununua kompyuta kwingine. Akamgeukia meneja wake wa mauzo. "Mama, mpigie mteja yeyote. Wasikie wenyewe."

Meneja akamchagua mume wa dada yake, mwenye kiwanda cha sabuni. Huyo hawezi kumwangusha. Akaweka simu mezani, sauti juu. Ikaita, ikitetemeka kama mende aliyepinduka chali.

"Shemeji," sauti ilijibu kabla ya salamu, kwa unyonge. "Kumbe dada yako kashakwambia? Nilimsihi afunge mdomo. Kompyuta zenu zilitutesa, tukahama. Na si sisi peke yetu."

Kalamu zikaanza kukimbia. Mkurugenzi akanyoosha mkono akate simu.

Meneja akawahi kuifunika kwa kiganja, asiifikie. Ilikuwa ya moto, kama kitu kilichotoka kuchemka.

"Shemeji, hapa tuko wengi, na wote wanakusikia," akasema, bila kumtazama bosi. "Ukipenda, waambie zilikutesa vipi."