Utando wa Watu Kumi na Wawili

Siku utando mpya ulipofaulu majaribio, Saumu aliwaita ndugu zake wote nyumbani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. Sheria ilikuwa watu sita tu kwa nyumba, kwa sababu kila nyumba ilijipatia umeme kwa mtambo wake mdogo wa methanoli, na pumzi za watu ziliuchosha utando, ile ngozi nyembamba iliyomo ndani yake inayouzalisha. Akizidi mgeni mmoja, feni inalegea, friji inazima. Sita! Hata matanga watu walikaa kwa zamu.

Utando huu mpya Saumu aliutengeneza kwa mikono yake kiwandani alikofanya kazi, na ulihimili watu kumi na wawili.

"Vueni viatu, ingieni, jamani, ingieni!" alisema, akicheka huku akihesabu. Kumi na mmoja sebuleni, yeye mwenyewe akiwemo, na baba yake mgonjwa chumbani, wakatimia. Feni ikapunguza mwendo kidogo, lakini haikusimama.

"Wifi, umetuweza!" Mwajabu, mke wa kaka yake, akapiga vigelegele.

Wakala pilau wamebanana, majasho yanawatiririka, wakiimba kwa sauti moja kwa mara ya kwanza maishani.

Ghafla feni ikaongeza kasi, pazia zikapepea.

"Utando umezoea!" wakashangilia.

Saumu naye alishangilia, mpaka alipokumbuka kwamba feni huongeza kasi mtu akitoka. Akatazama mlangoni. Viatu vyote vya wageni vilikuwa palepale. Vigelegele vikazidi nyuma yake, naye akageuka taratibu kuutazama mlango wa chumba cha baba yake.