Kisanduku Kimoja

Siku ya tatu baada ya kumzika mumewe, mama yake Évariste alichutama mbele ya mafiga baridi, pale nyumbani kwao Kadutu, akachomoa njiti ya kiberiti.

«Ngoja, shemeji,» alisema baba mdogo, kitabu cha Serikali kikiwa wazi mapajani. «Wazungu wa utafiti wameandika: mujane anawasha moto siku ya ine. Ukiwasha leo, kaka yangu hatapumuzika.»

«Nani aliwaambia ine?» aliuliza mama.

 Ni Évariste, karani wa watafiti hao, aliyezunguka vijijini na fomu. Watu wa Nyantende walimwambia siku ya tatu, wa Mudaka ya nne. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja, na bwana mtafiti alihitaji jibu moja, Serikali isije ikamkatia pesa za utafiti. Akaandika nne.

«Mutoto wangu,» mama alimgeukia, «wewe ulisoma. Ni tatu ao ni ine?»

Alijaribu kukumbuka msiba wa babu, siku bibi alipowasha moto. Hakuuona moto. Aliona nne yake mwenyewe, ya wino wa zambarau, ndani ya kisanduku.

Mama akawasha njiti, akaishika juu ya kuni, akimtazama mwanawe. Moto ukashuka mpaka vidoleni.